Uzi: Uchaguzi mdogo ukiisha huku Ziwani, kelele ni zile zile. Tusome historia kidogo

1/
Kila uchaguzi mdogo ukiisha huku kwetu kando ya Ziwa, siku mbili tatu zinazofuata ni matusi matupu. Nimeamua kuandika huu uzi ili tubishane tukiwa na historia mkononi. Sheria ni moja tu: sitataja mwanasiasa wala chama. Si uoga. Nimeona ukitaja jina moja tu, watu huacha hoja na kurukia jina.

2/
Mimi ni mtu wa Port Victoria, Bunyala, kaunti ya Busia. Vuka Nzoia na kinamasi cha Yala, uko Siaya. Kura ya Ugunja au Ugenya inatuhusu hata kama hatuipigi. Tunauziana samaki, tunaoana, tunazikana. Kwa hivyo asubuhi ya tarehe 28 Novemba 2025, matokeo ya Ugunja na Kasipul yalipokuwa yakiingia kwenye simu, kibanda cha chai karibu na ufuo kilikuwa kimejaa.

3/
Nilisikia mambo matatu pale. Mmoja akasema, "Watu wa Ziwa ni kondoo. Wakiambiwa pigia huyu, wanapiga." Wa pili akamkatiza: "Kondoo gani? Ni pesa. Wamenunuliwa." Wa tatu, macho kwenye simu: "Nyinyi tulieni. Hii ndiyo picha ya 2027."

Mzee mmoja alikuwa pembeni na uji wake. Akasema, "Vijana, maneno haya niliyasikia nikiishi Gem mwaka wa 69. Yalituletea nini?" Akaendelea kunywa uji. Hakuna aliyemjibu, hata mimi. Nikaenda kusoma.

4/
Tuanzie 1966, manake sheria inayowaangusha wabunge wanaohama chama ilizaliwa hapo. Aprili mwaka huo makamu wa rais alijiuzulu na kutoka chama tawala. Wabunge kadhaa wakamfuata, kikaundwa chama kipya. Kabla mwezi haujaisha, Bunge likawa limebadilisha katiba: ukihama chama kilichokuleta Bungeni, kiti chako kiko wazi, rudi kwa wananchi. Leo sheria hiyo iko kifungu cha 103 cha katiba ya 2010, na wengi tunaiona ni ya haki kabisa. Lakini ilitungwa kwa haraka, kwa watu waliokuwa wamekwisha kuhama.

5/
Juni 1966 zikapigwa kura za viti 29: 19 vya Baraza la Wawakilishi na 10 vya Seneti. Wanahistoria wanauita uchaguzi mkuu mdogo. Ukijumlisha kura zote, chama kipya kilipata nyingi kuliko chama tawala. Viti kilipata 9 tu.

Inawezekanaje? Hesabu ni rahisi. Nyanza ya Kati kilishinda kwa milima ya kura. Kwingi kwingine kilishindwa. Ukishinda kwa kura moja au kwa elfu kumi, kiti ni kimoja.

6/
Sasa sikia jinsi matokeo yalivyosomwa. Chama hicho kilikuwa na wagombea hadi Murang'a na Machakos. Hoja zake zilikuwa ardhi wapewe wasio nayo bila kuuziwa, na viongozi waache kutajirika kupitia vyeo. Unaweza kuzikubali au kuzikataa, lakini ni hoja za nchi nzima. Baada ya matokeo, jina likabadilika: "chama cha watu wa Ziwa." Mtu aliyepiga kura kwa sababu ya shamba akaambiwa amepiga kwa sababu ya kabila. Mnaona pale maneno ya "kondoo" yalipoanza kupata miguu?

7/
Ikaja 1968, uchaguzi wa serikali za mitaa. Karatasi za wagombea wa chama hicho, karibu wote nchini, zilikataliwa. Ati hazikujazwa sawasawa. Wagombea wa chama tawala wakapita. Kwa hivyo mtu wa Nyanza aliyetaka kusema neno kwa kura mwaka huo hakupewa pa kulisemea. Kumbukeni hilo, tunakwenda Gem.

8/
Januari 1969 mbunge wa Gem, ambaye pia alikuwa waziri wa chama tawala, alifariki baada ya ajali ya barabarani Nairobi. Kiti kikawa wazi. Mei 1969 Gem wakapiga kura, na mgombea wa upinzani akashinda kwa tofauti kubwa.

Gem hiyo hiyo ndiyo iliyokuwa na mbunge wa chama tawala. Hawakuwa watu waliozaliwa wapinzani. Walikuwa wamefika mahali fulani, wakapata nafasi moja ya kusema, wakasema.

9/
Halafu mambo yakaenda mbio. Tarehe 5 Julai 1969 waziri mmoja mashuhuri, mzaliwa wa jamii za Ziwa lakini mtu wa chama tawala, aliuawa kwa risasi mchana katikati ya Nairobi. Tarehe 25 Oktoba rais alikuja Kisumu kufungua hospitali mpya, ile tunayoiita Russia. Umati ukapiga kelele, maneno makali yakarushwa, polisi wakafyatua risasi. Hesabu ya serikali ilikuwa watu 11 waliokufa. Wenyeji wamekuwa wakisema ni wengi zaidi ya hapo. Tarehe 30 Oktoba chama cha upinzani kikapigwa marufuku na viongozi wake wakawekwa kizuizini.

10/
Na yule aliyeshinda Gem mwezi wa Mei? Naye alikuwa miongoni mwa waliowekwa kizuizini. Alitoka 1978. Karibu miaka 9.

Hebu fikiria wewe ni mpiga kura wa Gem. Umepanga foleni, umechagua. Miezi mitano baadaye chama ulichokichagua hakipo, na mtu uliyemtuma yuko ndani. Sisemi kura ya Gem ndiyo iliyosababisha ya Oktoba. Hapana, sababu zilikuwa nyingi. Ninachosema ni kwamba kura ya kawaida ya kujaza kiti kimoja ilisomwa kama uasi wa eneo zima, na watu wakiisha kuitwa waasi, ni rahisi sana kuwatendea kama waasi. Nadhani hicho ndicho mzee wa uji alichokuwa akituuliza.

11/
Sasa turudi kwenye yale matatu ya kibandani.

La kwanza: "kondoo." Twende Ugenya, 5 Aprili 2019. Mahakama zilikuwa zimefuta ushindi wa 2017, uchaguzi ukarudiwa. Chama chenye nguvu kuliko vyote Nyanza kilikuwa na mgombea wake. Vigogo wakaja, mikutano ikafanywa. Mgombea wa chama kidogo akashinda kwa zaidi ya kura 4,000. Mwaka wa 2022 Ugenya wakamrudisha yule yule wa chama kidogo, na siku hiyo hiyo, kwenye karatasi ya urais, wakampa kura kwa wingi mno kiongozi wa chama kile kikubwa. Mtu mmoja, foleni moja, karatasi mbili, maamuzi mawili tofauti. Kondoo gani huyo?

12/
Kwa hivyo Ugunja na Kasipul wakichagua chama kikubwa, usikimbilie kusema wameamrishwa. Inawezekana wapo waliofuata amri. Wapo pia waliomtazama mgombea mmoja mmoja. Matokeo peke yake hayakuambii. Na watu hawa hawa wakikataa mgombea wa chama, wenzetu husema "wamesaliti." Yaani wakikubali ni kondoo, wakikataa ni wasaliti. Mchezo gani huo ambao mpiga kura hawezi kuushinda?

13/
La pili: "pesa." Hapa sitamtetea mtu. Pesa hutembea. Uchaguzi mkuu una maeneobunge 290, kwa hivyo vigogo, magari na mifuko hugawanyika. Uchaguzi mdogo ni eneo moja au machache, na yote hayo hushuka hapo kwa mpigo. Na vurugu pia hushuka. Kasipul ni mfano mchungu: mbunge wao aliuawa kwa risasi Nairobi tarehe 30 Aprili 2025, watu wakaingia kampeni wakiwa bado na kilio, na kampeni zenyewe zikamwaga damu tena hadi tume ikawatoza faini wagombea wawili.

Lakini "pesa ilitembea" na "watu wameuza kura" ni mambo mawili. Huku kwetu mtu hupokea mia mbili kwa huyu na mia mbili kwa yule, kisha anaingia kwenye kile kibanda cha kadibodi peke yake. Kosa kubwa ni la anayetoa. Anayeshindwa huimba wimbo wa pesa, anayeshinda huimba wimbo wa sera, na uchaguzi ujao wanabadilishana nyimbo.

14/
La tatu: "hii ndiyo picha ya 2027." Gem 1969 ilikuwa picha ya nini? Desemba mwaka huo uchaguzi mkuu ulifanywa na chama kimoja tu. Hakuna aliyeiona hiyo kwenye matokeo ya Mei.

Si kwetu tu. Machi 1962 huko Orpington, kando ya London, chama kidogo kilinyakua kiti cha chama tawala cha Uingereza, magazeti yakasema siasa imegeuka. Uchaguzi mkuu wa 1964 ulipofika, chama hicho kidogo kilipata viti 9 katika Bunge zima. Serikali ilichukuliwa na wengine kabisa.

15/
Sababu si uchawi. Kwenye uchaguzi mdogo hakuna serikali inayobadilika, kwa hivyo wengi hubaki shambani, sokoni au ziwani. Wanaojitokeza ni wenye hamu sana au wenye hasira sana. Mwenye mashua anayesubiri omena ikauke hatafunga kazi kwa kiti kimoja, lakini kwa kura ya rais ataacha kila kitu. Wapiga kura wa siku hizo mbili si watu wale wale, hata kama sajili ni ile ile.

16/
Sasa jambo ambalo kibandani hakuna aliyeligusa, na ndilo linaloniuma zaidi. Mbunge wa Ugunja aliapishwa kuwa waziri Agosti 2024. Katiba, kifungu cha 152, hairuhusu mtu kuwa waziri na mbunge kwa wakati mmoja, kwa hivyo kiti kikawa wazi. Kifungu cha 101 kinasema kiti kijazwe ndani ya siku 90. Ugunja walipiga kura 27 Novemba 2025. Hesabu mwenyewe: zaidi ya miezi 15.

Kwa nini? Tume ya uchaguzi haikuwa na mwenyekiti wala makamishna tangu mwanzoni mwa 2023. Wapya waliapishwa Julai 2025. Miaka miwili na nusu, wakubwa wakivutana juu ya nani ateue nani.

17/
Miezi 15 bila mtu wa kusimama Bungeni kuuliza swali kwa niaba yako. Hapo bajeti imesomwa na kupitishwa, miswada imepita, na Ugunja hawana kura. Sisi wa Budalang'i tunajua maana yake. Mto Nzoia ukivunja kingo, mtu wa kwanza tunayemtafuta ni mbunge, hata kama ni wa kumlaumu tu. Miaka mingi tumetaniwa kwa yale maneno ya "serikali saidia." Sasa waza huna hata wa kumwambia.

Matokeo yalipotoka, niliona maelfu ya watu mtandaoni wakibishana nani ameaibishwa na nani ametukuzwa. Wa kuuliza habari ya zile siku 90 niliwahesabu kwa vidole.

18/
Kwa hivyo uchaguzi mdogo mwingine ukija, naomba kabla ya kutukana tuulize maswali manne:

Kiti kilikaa wazi siku ngapi, na nani alichelewesha?
Waliojitokeza ni wangapi kati ya waliosajiliwa?
Watu wa pale pale walikuwa wanataka nini, barabara, maji, bursari, soko?
Kuna aliyeumizwa, na aliyeumiza amefanywa nini?

Ukipata majibu hayo, ndipo uniambie matokeo yana maana gani.

19/
Uchaguzi mkuu ni 10 Agosti 2027. Kiti kikiwa wazi ndani ya miezi mitatu ya mwisho kabla ya hapo, hakitajazwa, katiba imesema. Kabla ya hapo, kikitokea chochote, saa inahesabu siku 90. Weka alama kwenye kalenda yako, na uwasumbue wanaohusika.

20/
Jana nilimkuta yule mzee pale pale. Nikamwambia, "Mzee, nimesoma habari ya Gem." Akaniuliza, "Na umejua walimtaka yule mtu kwa nini?" Nikaanza kumweleza ya 1966, ya 1968, karatasi zilizokataliwa. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Kijana wangu, vitabu vimekwambia. Sisi hakuna aliyekuja kutuuliza."

Uzi umeishia hapo. Kama una mzee wa 1966 au 1969 nyumbani, nenda ukamuulize leo, na kama amekubali, tuandikie hapa chini alichosema.