Majalada ya Bagadadji

Katika miaka ya 1960, aliyepita mtaa wa Bagadadji mjini Bamako, Mali, mwanzoni mwa juma alikuta vijana wamebanana mbele ya studio ndogo ya kona. Hawakuja kupigwa picha. Picha walikwisha kupigwa usiku wa Jumamosi, wakicheza twist. Sasa wamekuja kujitafuta. Nje ya studio yamewekwa majalada ya kadibodi yaliyojaa vipicha vidogo vya nyeusi na nyeupe, vimebandikwa kwa gundi safu kwa safu, kila kimoja na namba yake. Anayejiona anataja namba, analipa, anachapiwa nakala ya kupeleka nyumbani. Asiye na pesa anatazama bure, anawacheka wenzake, kisha anaondoka akijua nani alicheza na nani.

Kwa Kifaransa majalada hayo huitwa chemises. Neno hilo lina maana mbili: shati, na lile faili la karatasi ngumu ambamo karani hutia barua zake. Mswahili anayeijua shimizi amekwisha kutana na jamaa ya neno hilo. Malick Sidibé, fundi aliyeyabandika, hakuyatengeneza ili yawe kazi ya sanaa. Yalikuwa kwake kama vipande vya vitambaa anavyoning'iniza muuza duka ili mteja achague. Lakini vijana wa leo wanaotoa picha zao fotokopi, wakazibana kwa stepla kuwa vijarida na kuviuza mkono kwa mkono, wangemtambua papo hapo kuwa ni mwenzao: mtu mwenye gundi, makasi na haraka.

Sidibé alizaliwa mwaka 1935 au 1936, vyanzo vinapishana, katika kijiji cha Soloba, kusini mwa Mali, karibu na mpaka wa Guinea. Kwao ni Wafulani, na utoto wake aliuanzia machungani. Shule aliingia akiwa na miaka kama kumi hivi, na huko ikaonekana kwamba mkono wake unajua kuchora. Mchoro ndio uliomfikisha Bamako, kwenye shule ya mafundi ya enzi za ukoloni, na mwaka 1955 akahitimu usonara.

Dhahabu haikumweka sana. Mwaka huohuo mpiga picha Mfaransa, Gérard Guillat, ambaye mji ulimpa jina la utani Gégé la Pellicule, yaani Gégé wa Mkanda, alikuwa anatafuta mtu wa kumpambia duka lake. Sidibé akaletwa kupaka rangi, akabaki kaunta, na kutoka kaunta akaingia chumba cha giza. Darasa hakuna; alijifunza kwa macho, kama wanavyojifunza mafundi wengi wa Afrika, bosi akifanya na kijana akitazama. Guillat alikwenda kwenye dansi za Wazungu. Kijana wake, akiwa na kamera ya Brownie Flash aliyoipata mwaka 1956, alikwenda kwa baiskeli kwenye harusi na ngoma za Waafrika. Mgawanyo huo ulikuwa wa kikoloni kabisa, lakini ulimwachia Sidibé nusu ya mji iliyokuwa karibu kulipuka kwa furaha.

Mali ilipata uhuru tarehe 22 Septemba 1960, na kufikia 1962 Studio Malick ilikuwa imesimama Bagadadji. Bamako ilikuwa tayari na bingwa wake wa picha, Seydou Keïta, aliyefungua studio mwaka 1948 na kupiga watu kwa utulivu, kwa mwanga wa jua, na kamera kubwa ya kusimamishwa juu ya miguu mitatu. Kwa Keïta mtu alikwenda kuonekana mheshimiwa: saa mkononi, kalamu mfukoni, redio pembeni. Sidibé naye alikuwa na pazia lake la mistari na sakafu ya miraba ya drafti, na wateja walimletea pikipiki, kondoo na miwani ya jua. Ila alikuwa na kitu ambacho Keïta hakukihitaji: kamera nyepesi ya mkanda wa milimita 35, flashi, na miguu ya kukesha.

Vijana wa mji walikuwa wamejiundia klabu na kuzipa majina waliyoyaokota kwenye santuri na sinema: Beatles, Las Vegas, Happy Club, Chats Sauvages. Kila klabu ilikuwa na santuri zake, mtindo wake wa mavazi na wapinzani wake. Jumamosi moja Sidibé angeweza kuwa na mialiko minne au mitano, akatoka ua huu akaingia ule, na mwenyewe alisimulia kwamba akifika alifyatua flashi kwanza ili watu wajue amekuja. Papo hapo dansi lilipamba moto. Dansi lisilo na mpiga picha lilihesabiwa limepooza. Jumapili walewale, macho bado mazito, walishuka Mto Niger kuogelea, na gramafoni yao mchangani. Naye akawafuata huko.

Kati ya usiku huo na ule umati wa mlangoni ndipo ilipokuwa kazi yenyewe. Kurudi studio alfajiri, kusafisha mikanda, kuchapa vipicha vidogo, kuvikausha, kuvikata, kuvibandika kwa mpangilio, kuandika namba, kuandika jina la klabu na tarehe. Yote hayo kabla vijana hawajapoa. Picha ya dansi ni kama kitumbua. Ikilala, mnunuzi anaipita. Kijana aliyekuwa tayari Jumanne kulipia ushahidi kwamba alimshika mkono binti fulani, wiki ya pili ana binti mwingine akilini, au hana pesa.

Iangalie picha yake maarufu kuliko zote, ya usiku wa Krismasi mwaka 1963 kwenye Happy Club. Kijana amevaa suti nyeupe, msichana gauni la sherehe, naye yuko pekupeku. Vichwa vyao vimeinama mpaka karibu vigusane, macho yao wote wawili yako chini, kwenye miguu, kama wanaohesabu hatua. Ulimwengu umeiita picha ya mapenzi. Sidibé aliwaeleza waliomuuliza kwamba wale ni ndugu, kaka akimwonyesha dada yake namna ya kucheza. Ukiisha kujua hilo, picha inabadilika: kinachoonekana si kubembelezana, ni somo, na ule umakini wa kichwa kuinama ni wa mwanafunzi na mwalimu wake.

Vijana hawa hawakuwa na uhuru wote tunaouona kwenye picha. Serikali ya Rais Modibo Keïta ilikuwa ya kijamaa, na wakubwa wake hawakupendezwa na sketi fupi wala suruali za kubana. Jumamosi ya vijana ilikuwa pia mchezo wa kujificha na wanamgambo. Msomaji wa Dar es Salaam mwenye umri hatashangaa, maana huko nako Operesheni Vijana ya TANU Youth League ilianza Januari 1969, ikapiga vita mini na suruali za kubana kwa jina la utamaduni. Mjini Bamako askari walimpindua Modibo Keïta Novemba 1968, na mambo ya dansi hayakupata nafuu.

Lakini si askari walioua majalada. Ni rangi. Kuanzia miaka ya 1970 mikanda ya rangi ilianza kuenea, na mikanda hiyo ilisafishwa na mashine, si na mtu aliyekesha na beseni la dawa. Kamera za bei nafuu nazo zikaingia mikononi mwa wale waliokuwa wateja. Sidibé akaacha kukimbizana na Jumamosi. Akabaki na picha za vitambulisho na kazi nyingine aliyoipenda, kutengeneza kamera zilizoharibika. Aliyeingia studio yake alizikuta zimejaa rafu, zimefumuliwa, zinasubiri skrubu. Negativu za miaka ya klabu zilitulia kwenye maboksi yake, na majalada pamoja nazo.

Yaliyofuata yalianza kwa kosa la adabu. Mwaka 1991 jijini New York yalifanywa maonyesho ya Africa Explores, na humo zikatundikwa picha za Bamako ambazo mpigaji wake hakutajwa. Aliandikwa kuwa hajulikani. André Magnin, Mfaransa aliyekuwa akikusanya sanaa ya Afrika, akasafiri kwenda Bamako kumtafuta huyo asiyejulikana. Akapelekwa kwa Sidibé. Sidibé alizitazama na kusema mara moja ni za nani: ni za Seydou Keïta, na kwake anapajua. Mtu mwingine angekaa kimya akajitangaza mwenyewe. Yeye alimpeleka mgeni kwa mzee wake wa kazi kwanza, zamu yake ikaja baadaye.

Na ilikuja kwa kasi. Mwaka 1994 Bamako ilifungua tamasha lake la picha za Afrika. Mwaka 1995 Fondation Cartier jijini Paris ikamfanyia Sidibé maonyesho yake peke yake. Mwaka 1997 video ya Janet Jackson ya wimbo Got 'Til It's Gone ilionyesha wazi kwamba waliotengeneza walikuwa wamezitazama sana picha za Bamako. Kisha tuzo: Hasselblad mwaka 2003, ya kwanza kwa Mwafrika, Simba wa Dhahabu wa Venice mwaka 2007 kwa kazi ya maisha, ambayo haikuwahi kupewa mpiga picha yeyote kabla yake, na mwaka 2010 World Press Photo, kwa picha za mitindo alizolipigia jarida la New York Times, akiwapanga watu mbele ya pazia lake lilelile la mistari.

Makumbusho hutaka picha moja, kubwa, ya kutundikwa peke yake ukutani. Kwa hiyo kati ya usiku mzima wa Happy Club waliichagua ile ya wale ndugu wawili, wakaikuza mara nyingi kuliko alivyowahi kuichapa kwa ajili ya mteja, wakaitia fremu. Imependeza, hakuna ubishi. Hata hivyo usiku ulipotea humo. Kwenye jalada hakuna picha kuu. Yule aliyefumba macho ana nafasi sawa na yule aliyejipanga. Anayemwaga jasho yuko kando ya aliyeketi kwenye kiti akisubiri kuombwa. Jicho linatembea kutoka namba hadi namba kama mtu anayepita katikati ya umati kutafuta rafiki. Mpangilio wa jalada ulifanywa kwa ajili ya watu waliokuwemo. Wa ukutani ulifanywa kwa ajili ya watu ambao hawakuwepo.

Baadaye nyumba ya uchapishaji ya Steidl ya Ujerumani iliyatoa majalada hayo kama kitabu, Chemises, gundi na mwandiko vikionekana, na baadhi ya wakusanyaji wakaanza kuyatafuta yenyewe badala ya picha kubwa. Kadibodi iliyonunuliwa kama vifaa vya ofisi ikawa kitu cha kushikwa kwa glavu.

Sidibé hakuhama Bamako. Katika filamu ya Cosima Spender, Dolce Vita Africana, anaonekana mtaani kwake katikati ya watu waliokuwa vijana alipowapiga picha. Wageni kutoka Ulaya walifika Bagadadji kupigwa picha na mshindi wa Venice, na jirani aliyetaka picha za kitambulisho aliingia mlango huohuo. Alifariki tarehe 14 Aprili 2016. Mwaka uliofuata Fondation Cartier ikamfungulia maonyesho makubwa na kuyaita Mali Twist.

Kwenye majalada jina la klabu limeandikwa, na tarehe imeandikwa. Majina ya waliocheza hayamo. Alfajiri ile hakuna aliyeona haja ya kuyaandika. Wenyewe walikuwa njiani kuja kutaja namba zao.