Kitochi cha Nokia na ile Laini ya Pili

Wadau wa mwisho wa reli, kitochi mnakikumbuka? Nokia 1100 ilitoka mwaka 2003, tochi kichwani, vitufe vimefunikwa visiingie vumbi. Duniani ziliuzwa zaidi ya milioni 250. Kwa mtu wa Ujiji au Kibirizi ile tochi haikuwa mbwembwe. Umeme wa Kigoma ulikuwa wa jenereta, na vijiji vingi vya mwambao havikuwa nao kabisa.

Sasa nani aliiangusha Nokia? Wengi watakwambia iPhone ya 2007. Ulaya na Marekani, sawa. Huku kwetu iPhone ilikuwa hadithi tu. Huku shida ilikuwa laini.

Kupiga mtandao mwingine kulikuwa ghali, kwa hiyo watu walitembea na laini mbili. Anayevuka ziwa kufanya biashara Kalemie au Bujumbura alihitaji na ya huko. Kubadili ni kutoa mfuniko, kutoa betri, kuchomeka kadi nyingine. Kadi ikikuponyoka botini, ndiyo imeenda hiyo.

Transsion ya China, iliyoanzishwa 2006, ililiona hilo. Mwaka 2008 ikaamua kuweka nguvu zake Afrika, na Tecno zikaja na laini mbili. Nokia ilijibu mwaka 2010 kwa C1-00, lakini laini zilipokezana: moja ikiwa hewani, nyingine imelala. C2-00, iliyoshika zote kwa pamoja, ikaja 2011.

Mwaka huohuo, bosi mpya aliyetoka Microsoft alikuwa na njia tatu: kukaza kamba na Symbian na MeeGo, kuhamia Android, au kwenda Windows Phone. Aliwaandikia wafanyakazi kwamba wako kama mtu aliyesimama kwenye mtambo wa mafuta unaoungua baharini. Februari akachagua Windows. Programu zake zilikuwa chache, wateja wakasita. Septemba 2013 Microsoft ikatangaza kuichukua biashara ya simu, dili la euro bilioni 5.44.

Sisemi Kigoma ndiyo iliyoiua Nokia. Simu janja zingeitikisa tu. Ila kampuni iliyomjua mvuvi kiasi cha kumwekea tochi ilishindwaje kumwekea tundu la pili la kadi mapema?

Mwaka 2017 jina lilirudi chini ya HMD, na 3310 mpya ikawa na toleo la laini mbili. Mteja wa Kibirizi alishazoea Tecno.