Koyasan: Mji wa Watawa Ulionusurika kwa Kupokea Wageni

Kusini mwa jiji la Osaka, katika mkoa wa Wakayama nchini Japani, juu ya bonde lililoinuka takriban mita 800 kutoka usawa wa bahari na kuzungukwa na vilele vinane ambavyo waumini wa Kibudha huvishabihisha na petali za yungiyungi, upo mji mdogo uitwao Koyasan, wenye mahekalu 117, chuo kikuu, shule na maduka, na wakazi wasiotimia 3,000, ambao baadhi yao ni watawa. Mji huu, uliokwisha kuvuka umri wa miaka 1,200, umeunguzwa kwa radi, umezingirwa na majeshi, na umenyang'anywa milki yake na serikali. Na mara nyingi ulipofikwa na msiba ulinusurika kwa kuwafungulia mlango watu ambao hapo kabla haukuwazoea. Yeyote atakaye kuielewa historia yake, na utalii unaoulisha leo, hana budi kuanzia hapo.

Mwasisi wake ni Kukai, aliyezaliwa mwaka 774 katika kisiwa cha Shikoku. Mwaka 804 aliabiri kwenda China pamoja na wajumbe wa Kaizari, akafika Chang'an, mji mkuu wa dola ya Tang, na huko akapata elimu ya siri ya Kibudha kwa mwalimu Huiguo, ambaye alimrithisha ilimu yake yote kabla ya kufariki. Kukai alirejea Japani mwaka 806, na miaka kumi baadaye, yaani mwaka 816, alimwomba Kaizari Saga ampe mlima wa Koya uwe mahali pa ibada na tafakuri, mbali na fitina na mashindano ya mji mkuu, naye akakubaliwa. Mapokeo ya mlima yanasimulia kwamba alipokuwa akitafuta mahali pa kujenga alikutana na mwindaji mwenye mbwa wawili, mmoja mweusi na mwingine mweupe, na mbwa hao ndio waliomwongoza juu. Kukai alifikwa na mauti mwaka 835. Lakini wafuasi wake, watu wa madhehebu ya Shingon, wanaitakidi kwamba hakufa, bali amezama katika tafakuri isiyo na mwisho ndani ya maziara yake, na hadi leo watawa humpelekea chakula mara mbili kila siku. Mwaka 921 Kaizari Daigo alimtunuku lakabu ya Kobo Daishi, na kwa jina hilo ndivyo ajulikanavyo na umma wa Japani.

Mwaka 994 radi iliupiga mnara mkuu, moto ukaenea, na majengo karibu yote yakateketea, hata watawa wakashuka mlimani na mahali pale pakawa ukiwa. Aliyepahuisha tena ni mtawa Kishin, aliyepanda huko mnamo mwaka 1016. Na mwaka 1023 Fujiwara no Michinaga, mtu mwenye nguvu kupita wote katika baraza la Kaizari, alifanya ziara mlimani, na baada yake wakafuata makabaila na makaizari waliostaafu, kila mmoja akitoa ardhi na mali kwa ajili ya mahekalu. Lakini mlima haukuwategemea wakubwa peke yao. Watawa wazururaji walioitwa hijiri walitembea nchi nzima wakikusanya sadaka, wakihubiri fadhila za Kobo Daishi, na kubeba mifupa na majivu ya marehemu ili yakazikwe karibu naye. Kati ya mwaka 1265 na 1285 njia ya kupandia mlimani ilipangwa nguzo za mawe, 180 kutoka hekalu la Jison-in lililo bondeni hadi kitovu cha mlima, na 36 zaidi kutoka hapo hadi kwenye maziara. Na nguzo nyingi katika hizo zingali zimesimama, zimechongwa herufi za Kisanskriti na majina ya waliozitoa.

Hivyo ndivyo yalivyokua makaburi ya Okunoin, yenye njia ya kilomita mbili chini ya mierezi ya kale, na makaburi na kumbukumbu zaidi ya 200,000. Hapo wamekutana watu waliokuwa mahasimu wakubwa maishani: Takeda Shingen na Uesugi Kenshin, waliopigana vita kwa miaka mingi, wana kumbukumbu zao zinazotazamana, na Oda Nobunaga, aliyeuzingira mlima huo mwaka 1581 na kuwaua hijiri wengi, naye ana kaburi lake pale, kama alivyo nalo Akechi Mitsuhide, aliyemwasi na kumwangamiza mwaka 1582. Mwaka 1599, baada ya vita vya Korea, ukoo wa Shimazu ulisimamisha jiwe la kuwakumbuka waliokufa vitani, wa upande wao na wa upande wa adui. Ndani ya ukumbi wa taa ulio mbele ya maziara husimuliwa habari za binti fukara aliyeuza nywele zake apate kununua taa moja tu ya kuwaombea wazazi wake, nayo ikawekwa pamoja na taa za matajiri.

Jemadari Toyotomi Hideyoshi alipoitisha utii wa mlima mwaka 1585, mtawa Mokujiki Ogo alikwenda kusuluhisha, na kwa busara yake Koyasan ikaepushwa na moto uliokwisha kuliteketeza hekalu la Negoro. Tangu hapo koo za watawala wa majimbo zikajifungamanisha kila moja na hekalu lake, ambalo liliwalaza watu wao waendapo ziara na kuwaombea maiti wao, nazo zikalitunza kwa mali.

Lakini kulikuwa na mlango mmoja uliobaki umefungwa, na mwandishi wa haki hawezi kuupita kimya. Kwa zaidi ya miaka elfu wanawake walikatazwa kuingia mlimani. Hata mama yake Kukai, kwa mujibu wa mapokeo, aliishi bondeni pale Jison-in, na mwanawe akawa anashuka kumzuru. Katika njia saba za kuingilia mji vilijengwa vibanda vya wanawake, nao wakawa wakizunguka juu ya vilele wakichungulia kwa mbali maziara waliyoyatamani; kimoja tu kati ya vibanda hivyo, Nyonindo, ndicho kilichosalia. Serikali iliondoa marufuku hayo kwa amri ya mwaka 1872, ila mlimani upinzani uliendelea hadi mwanzoni mwa karne ya 20. Dhuluma hiyo haikuuongezea mlima utakatifu wowote. Iliupunguzia nusu ya waumini wake.

Wakati huohuo serikali mpya ya Meiji ilikwisha kuzitwaa ardhi za mahekalu mwaka 1871, na mabwana wa majimbo walikuwa wamepoteza madaraka yao. Mahekalu yaliyobaki bila wafadhili yaligeukia mahujaji wa kawaida: wakulima, wafanyabiashara, na wanawake waliokataliwa jana. Reli ilifika chini ya mlima mwaka 1929, na mwaka 1930 likaanza gari livutwalo kwa waya juu ya mteremko mkali, ambalo hadi leo humfikisha mgeni juu kwa dakika tano. Mwaka 2004 shirika la UNESCO liliiingiza Koyasan, pamoja na njia za mahujaji wa milima ya Kii, katika orodha ya urithi wa dunia.

Leo mahekalu 50 hivi hulaza wageni, wakiwamo wengi kutoka Ulaya na Marekani. Mgeni hulala juu ya godoro linalotandikwa sakafuni penye mikeka, hula chakula kisicho na nyama wala samaki, wala vitunguu wala vitunguu saumu, pamoja na tofu iliyogandishwa na kukaushwa, ambayo baridi kali ya mlima huo ndiyo iliyoipa umaarufu. Na alfajiri hukaribishwa kuhudhuria sala. Fedha anayotoa ndiyo huezeka upya mapaa ya magome ya miti, ambayo juu yake yamewekwa mapipa ya maji ya mvua kwa hofu ya moto.

Wako wasemao kwamba watalii wanauharibu utakatifu wa Koyasan. Historia haiwaungi mkono, kwani mji huo haujapata kuishi bila wageni tangu Kishin alipouhuisha. Lakini mgeni naye ana wajibu: avukapo daraja la mwisho la Okunoin avue kofia, aache kupiga picha, na anyamaze ili waombao waombe. Msomaji atakayejaliwa kufika huko aende kwa adabu hiyo, kwani nyumba iliyompokea ilimpokea hata adui yake.