Kadi za Salamu Baada ya Sikukuu: Picha Husalia, Maneno Hupotea

Sikukuu zinapokwisha, kadi za salamu hubaki zimepangwa juu ya kabati au zimetundikwa uzini ukutani, na baada ya majuma mawili matatu mwenye nyumba huanza kujiuliza azifanyeje. Wengi huzitupa. Wengine, na hasa sisi walimu, huzikata picha tukazifanya zana za kufundishia. Huo ni uwekevu, wala sina nia ya kuubeza. Lakini historia ya kadi yatuonyesha kwamba, aghalabu, kila ilipotumiwa mara ya pili kilichookolewa kilikuwa picha, na kilichopotea kilikuwa maneno yaliyoandikwa kwa mkono. Kwa watu wa lugha, hilo si jambo dogo.

Kadi ya Krismasi ya kwanza kuchapwa ili iuzwe ilitokea London mwaka 1843. Aliyeiagiza ni Henry Cole, mtumishi wa serikali aliyekuwa amesaidia kuanzishwa kwa posta ya peni moja mwaka 1840. Kabla ya hapo nauli ya barua ilitegemea umbali na idadi ya karatasi, na mara nyingi aliyeilipa ni mpokeaji. Tangu hapo barua isiyozidi nusu aunsi ilikwenda popote nchini Uingereza kwa peni moja. Watu wakaandikiana kwa wingi. Cole naye alikuwa na marafiki wengi kuliko nafasi ya kuwaandikia, akamwomba mchoraji John Callcott Horsley amtengenezee kadi. Zikachapwa kiasi cha 1,000, kila moja kwa shilingi moja, bei ambayo mtu wa kipato cha chini hakuimudu. Katikati ya kadi jamaa wameketi wakinywa mvinyo, na mtoto mdogo ananyweshwa pamoja nao, jambo lililowaudhi wapinga ulevi wa siku hizo; kandokando maskini wanalishwa na kuvikwa. Salamu zenyewe zilikuwa zimekwisha kuchapwa. Mtumaji aliachiwa mahali pawili tu pa kujaza: jina la anayepelekewa na jina la anayepeleka. Kumbe basi kadi ilizaliwa kwa ajili ya kumpunguzia mtu kazi ya kuandika!

Katika miaka ya 1870 uchapaji wa rangi nyingi kwa mawe ulienea. Louis Prang, mzaliwa wa Breslau aliyehamia Boston, alitumia mawe mengi kwa picha moja, kila rangi na jiwe lake, na kadi zake zilipendwa Uingereza na Marekani. Picha nzuri namna hiyo hazikutupika. Ndipo zikaingia katika albamu: vitabu vikubwa vyenye kurasa tupu, ambamo wanawake na watoto walibandika kadi, vipande vya picha na maua yaliyokatwa. Wengine walizibandika juu ya viunzi vya mbao vya kukinga upepo chumbani. Kadi nyingi za zamani zilizomo katika makumbusho leo zimetufikia kwa njia hiyo. Lakini gundi ilipakwa nyuma, na huko nyuma ndiko watu wengi walikoandika. Jua lililochorwa mwaka 1880 bado lang'aa. Jina la shangazi aliyeituma kadi limezikwa chini ya gundi.

Kadi nyingine zilibandikwa katika vitabu vya kitambaa, vikapelekwa hospitali ili watoto wagonjwa wavitazame kitandani. Nyingine zilikusanywa makanisani na kusafirishwa kwenda misheni za Asia na Afrika, ambako zilitolewa kama zawadi kwa wanafunzi wa shule za Jumapili. Hebu fikiri, ndugu msomaji: mtoto wa nchi ya jua kali apewa picha ya theluji, na juu ya theluji ndege mdogo mwenye kifua chekundu ambaye hajapata kumwona maishani! Picha ilivuka bahari. Salamu, hata kama zilikuwa bado zinasomeka, hazikumhusu.

Wakati wa Vita Kuu ya Pili hata picha haikusalimika. Uingereza ilihitaji karatasi kwa kazi za vita, na mwaka 1942 ikawa kosa la sheria kuitupa ovyo au kuichoma. Kadi zikaenda pamoja na magazeti kusagwa.

Mfano wa karibu zaidi na zama zetu watoka Nevada, Marekani. Makao ya watoto yaitwayo St. Jude's Ranch for Children yalijulikana kwa miaka mingi kwa kazi ya kuzifufua kadi. Watu walituma sehemu ya mbele tu, yaani picha. Watoto wakaibandika juu ya karatasi mpya, ikawa kadi tayari kuuzwa. Kadi za Hallmark, Disney na American Greetings hazikupokelewa kwa sababu ya haki za wachapaji. Sharti jingine ndilo linalonigusa: nyuma ya picha pasiwe na maandishi. Kazi njema kabisa, na iliwanufaisha watoto. Ila ni mkasi uleule.

Mwaka 2001 mojawapo ya kadi za Cole iliuzwa mnadani Uingereza kwa si chini ya pauni 20,000. Ilikuwa ile ambayo Cole mwenyewe alimpelekea nyanya yake. Zipo nyingine za chapa ileile. Iliyoipandishia hii thamani yake ni mkono wa mwandishi.

Tuziangalie sasa zetu, za Krismasi na za Idi. Nyingi zilichapwa kwa Kiingereza, na ndani yake mtu akaongeza mistari mitatu minne ya Kiswahili: amkuzi, habari za wagonjwa, ombi la karo, jina la mtoto mchanga. Humo mna Kiswahili ambacho vitabu vya sarufi havikukiandika, cha watu waliojifunza lugha hii sokoni, kambini na shuleni, kila mmoja na tahajia yake. Siku hizi salamu kama hizo hupita katika simu na kufutika, kwa hiyo zilizoko karatasini hazitaongezeka sana.

Mimi darasani hutenganisha kurasa mbili za kadi kwenye mkunjo. Picha huenda ukutani. Ukurasa wenye maandishi huuandikia kwa penseli mwaka na mahali ilikotoka, kisha, kwa idhini ya mwenyewe, huuweka katika bahasha. Wanafunzi wa kidato cha tatu huunakili mwaka unaofuata, na kubishana kwa nini mwandishi mmoja aliandika "nakusalimu" na mwingine "nakusalimia".