Kiti cha Pweza cha Nchi Kavu

Mtu wa pwani hana haja ya kuelezwa kiti cha pweza ni kitu gani. Maji yakishakupwa, humwona amelala mchangani, mikono yake imetandazwa kama miale ya nyota. Wataalamu wa viumbe huwaita baadhi ya jamaa zake Asterias, jina litokanalo na neno la Kigiriki la nyota. Mnamo mwaka 1845, mtaalamu wa mimea wa Munich, Joseph Gerhard Zuccarini, aliupa jina hilo hilo mmea mdogo uliotoka katika nyika kavu za kaskazini mashariki ya Meksiko. Leo wataalamu huuita Astrophytum asterias.

Mmea huo ni wa jamii ya kaktasi, ambamo mpungate nao umo. Lakini wakati mpungate umejihami kwa miiba pande zote, huu hauna mwiba hata mmoja. Ni tufe lililobonyea, aghalabu lenye migongo minane, lililotapakaa madoa meupe na vishada vidogo vya manyoya. Upana wake ni nadra kuzidi sentimita 15. Kiangazi kikikaza, hunywea ukajizika udongoni, mpita njia akaukanyaga asijue. Ukichanua, hutoa ua la manjano lenye moyo mwekundu, karibu kubwa kama mmea wenyewe.

Aliyeupeleka Ulaya ni msafiri Mjerumani, Wilhelm Friedrich von Karwinski, mnamo mwaka 1843. Mimea michache aliyoipeleka haikudumu. Yakabaki maelezo na michoro vitabuni, na kwa takriban miaka 80 wapenzi wa kaktasi waliusoma mmea wasioweza kuuona. Wapo walioanza kudhani kwamba umekwisha kutoweka duniani. Ndipo mwaka 1923 Alberto Vojtěch Frič, msafiri wa Kicheki aliyezaliwa mwaka 1882, alipoukuta tena huko huko Meksiko.

Habari hiyo ilipokelewa kwa furaha kubwa, na furaha ndiyo iliyoleta msiba. Kila mwenye nyumba ya vioo alitaka wake, na njia fupi ya kumridhisha ilikuwa kuung'oa ulikoota. Jembe la mkulima na malisho ya ng'ombe yalikuwa yakiendelea kuipunguza nyika. Mkono wa mpenzi ukaongeza. Juu ya hayo, mmea huu hufanana na peyote, kaktasi nyingine isiyo na miiba itumiwayo katika ibada za baadhi ya wenyeji wa Amerika, na mara kwa mara umechimbwa kwa kudhaniwa kuwa ndiyo. Mwaka 1993 serikali ya Marekani iliutangaza kuwa mmea ulio hatarini, kwani upande wa Texas, karibu na mto Rio Grande, ulikuwa umebaki mahali pachache mno. Biashara ya kimataifa ya mimea iliyong'olewa porini nayo imepigwa marufuku.

Ama njia ya pili, iliyo ndefu, ilikuwa ni ya mbegu. Mmea huu si wa kuzaa machipukizi ya kukatwa na kupandikizwa. Asiyetaka kung'oa hana budi kupanda mbegu na kungoja. Wajapani walikuwa hodari wa kungoja. Waliuita kabuto, yaani kofia ya chuma ya askari wa zamani, na kizazi baada ya kizazi wakachagua miche yenye madoa mapana na meupe zaidi. Leo mbegu zake huuzwa kwa bei ndogo, na idadi kubwa ya mimea imo majumbani mwa watu, ilhali porini bado ni adimu.

Ulezi wake nyumbani ni somo la kujizuia. Mbegu, zikitandazwa juu ya mchanga wenye unyevu na joto, huota baada ya siku chache tu. Kisha mche hukua kwa uvivu, na ua la kwanza huchukua miaka. Chungu kiwe kidogo, chenye matundu, na udongo uwe mchache kuliko changarawe. Maji hutiwa udongo ukishakauka kabisa hadi chini, na msimu wa baridi karibu yasitiwe. Mwanga uwe mwingi, lakini jua kali la mchana likingwe kwa kivuli chepesi. Visiwani, ambako hewa yenyewe ina maji, adui mkubwa ni masika: chungu hukaa chini ya upenu, mahali penye upepo, mvua isikifikie. Mmea unaokufa nyumbani aghalabu haufi kwa kiu. Huoza kuanzia mizizini, na mwenyewe huja kutambua baadaye, tufe likiwa limekwisha lainika, kwamba aliuua kwa kuuhurumia kila asubuhi.

Lipo jambo moja zaidi ambalo mlezi hulijua siku ua linapofunguka. Ua hilo halishiki mbegu kwa chavua yake lenyewe. Lahitaji chavua ya mmea mwingine wa aina yake, iletwe na nyuki au kwa ncha ya brashi. Ndiyo maana porini, mimea ikibaki mmoja huku na mmoja kule, huendelea kuchanua bila kuacha kizazi. Na ndiyo maana aliyejivunia kuwa na mmea usiopatikana kwa jirani yeyote hulitazama ua likifunga jioni, likinyauka, lisiache kitu. Akitaka mbegu, itambidi kwanza amgawie jirani mche.