Mranaha: mmea wa bure unaoweza kumvuruga kijana akili

Mranaha humea wenyewe kwenye majalala, kando ya barabara na mashambani. Una maua ya umbo la tarumbeta na tunda la miiba lililojaa mbegu ndogo. Katika nchi nyingi haumo kwenye orodha ya dawa za kulevya, kwa hiyo baadhi ya vijana hudhani hauna madhara kama bangi. Sivyo.

Unafanya nini mwilini?

Sehemu zote za mmea zina sumu, ikiwemo atropini na skopolamini. Kiasi cha sumu hutofautiana kati ya mmea na mmea, hivyo hakuna kipimo salama. Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, mbegu zake zilichanganyika na unga wa lishe: karibu watu 300 waliugua na 5 walifariki.

Dalili

Kwa kawaida huanza ndani ya saa moja:

- mboni za macho kutanuka na kuona ukungu
- mdomo kukauka, ngozi kuwa ya moto na kavu
- moyo kwenda mbio, mkojo kuziba
- kuweweseka, kuongea na watu wasiokuwepo, kupigana au kukimbia ovyo

Kijana huyu hajui kwamba anachokiona si cha kweli. Anaweza kuingia barabarani au majini bila kuona hatari. Baadaye mara nyingi hakumbuki chochote.

Ufanye nini?

- Mpeleke hospitali mara moja. Chukua jani au mbegu zilizobaki.
- Usimfunge kamba wala kumpiga. Mpeleke mahali penye utulivu na hewa.
- Usimtapishe. Akizimia, mlaze ubavu.
- Usimpe amitriptilini, Piriton au dawa nyingine iliyopo nyumbani; baadhi huzidisha sumu.

Wazazi wengi hufikiri ni mashetani, wakaanza na maombi au mganga. Maombi yanaweza kufanyika mkiwa hospitalini, sumu haisubiri.

Baada ya hapo

Wengi hutulia ndani ya siku 1 hadi 3. Akiendelea kusikia sauti, kutolala au kushuku kila mtu, mrudishe aonwe na mtaalamu wa afya ya akili. Huenda kuna ugonjwa uliojificha au kilevi kingine. Muulize bila kumfokea alitumia nini na kwa nini. Kijana anayeogopa kupigwa hatasema, na bila kujua alichotumia matibabu huchelewa.