Barno Itzhakova

Barno Itzhakova (Tashkent, 1927 – Israel, 2001) alikuwa mwimbaji wa Tajikistan na mmoja wa wanawake waliosifika zaidi katika uimbaji wa shashmaqom, muziki wa kale wa miji ya Asia ya Kati.

Alizaliwa katika familia ya Wayahudi wa Bukhara, jamii ambayo kwa karne nyingi imezungumza lahaja ya Kitajiki. Mipaka iliyochorwa na Wasovieti mwaka 1924 iliziacha Bukhara na Samarkand, miji yenye Watajiki wengi, upande wa Uzbekistan. Kwa hiyo kumpachika mwimbaji utaifa kwa kutazama alikozaliwa hakusaidii sana. Barno alizaliwa Tashkent, akaimba mashairi ya Kitajiki, na Tajikistan ikamtunukia hadhi ya Msanii wa Umma.

Shashmaqom ni mafungu sita ya nyimbo na muziki wa ala: Buzruk, Rost, Navo, Dugoh, Segoh na Iroq. Maneno yake mengi ni ghazali za washairi wa zamani kama Hafidh na Jami. Mwimbaji huanza chini, karibu na sauti ya mazungumzo, huku akifuatwa na tanbur, ala ya nyuzi yenye shingo ndefu, na doira, ngoma ya mkono inayofanana na dufu. Hupanda hatua kwa hatua hadi kwenye awj, kilele cha wimbo, kisha hushuka. Hapo kwenye awj ndipo mwimbaji hupimwa, kwani pumzi ikikatika, shairi nalo limekatika.

Katika kasri la amiri wa Bukhara, aliyepinduliwa mwaka 1920, muziki huu ulikuwa wa wanaume. Maarufu kati yao alikuwa Levi Babakhanov, naye Myahudi. Wanawake walikuwa na uwanja wao: masozanda, wengi wao wakiwa Wayahudi, waliimba, kucheza na kupiga doira katika harusi na hafla za wanawake. Redio ndiyo iliyobomoa ukuta huo. Barno alihamia Stalinabad, yaani Dushanbe ya leo, mwaka 1950 na kuimba katika redio ya Tajikistan, ambako Shoista Mullojonova (1925–2010), Myahudi mwenzake aliyezaliwa mjini humo, alikuwa tayari na jina.

Wakati wenyewe haukuwa mwepesi. Mwaka 1951 viongozi wa Chama cha Kikomunisti huko Uzbekistan waliushutumu muziki wa maqom kuwa mabaki ya ukabaila. Tajikistan ilishika njia nyingine: wanamuziki Fayzulloev, Sohibov na Shahobov waliandika noti za shashmaqom nzima, zikachapishwa Moscow katika majuzuu matano kati ya 1950 na 1967. Baadaye Barno alifundisha waimbaji vijana mjini Dushanbe.

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Tajikistan, vya 1992 hadi 1997, viliisambaratisha jamii yake ya Kiyahudi. Barno alihamia Israel na kufariki huko. Mullojonova alikuwa ameelekea New York.

Shashmaqom imo katika orodha ya UNESCO ya urithi usioshikika tangu 2008, kwa jina la Uzbekistan na Tajikistan. Israel na mtaa wa Queens jijini New York, walikohamia waimbaji wake wengi wa Kiyahudi, havikutajwa kuwa wenye mali.